Chipu ya Milango Miwili: Jinsi Mashine ya Michezo Inavyongoja Bila Kusimama

Utangulizi

Watu wengi wanapoisifu kompyuta husifu kasi yake. Husema kwamba hufanya mamilioni ya hesabu katika sekunde moja, na sifa hiyo ni ya kweli. Lakini kazi ya kompyuta si kuhesabu tu. Ni kungoja pia. Hungoja diski izunguke, hungoja habari zifike kwa waya, humngoja mwanadamu abonyeze kitufe. Kompyuta isiyojua kungoja, hata ikiwa na kasi ya ajabu, hupoteza habari zilizokusudiwa kuifikia.

Katika makala haya tutalichunguza jambo hili kwa kutumia mfano mmoja. Mfano wenyewe ni chipu iliyoiunganisha mashine ya michezo ya video iitwayo PlayStation 2 na mtandao kwa upande mmoja, na diski ngumu kwa upande wa pili. Chipu, kama msomaji ajuavyo, ni kipande kidogo cha silikoni chenye saketi nyingi sana ndani yake. Katika programu zilizoandikwa kwa ajili ya kuiendesha, chipu hii huitwa SPEED. Ina kazi nyingine ndogo ndogo, lakini sisi tutashughulika na hiyo milango yake miwili mikubwa. Hesabu zote tutakazozifanya zinahitaji kuzidisha na kugawanya tu, na mwanafunzi anashauriwa kuzirudia mwenyewe kwa kalamu na karatasi.

Mashine yenyewe

PlayStation 2 ilianza kuuzwa nchini Japani tarehe 4 Machi 2000, nayo ilitengenezwa na kampuni ya Sony Computer Entertainment. Hadi utengenezaji wake ulipokoma mwaka 2013, zilikuwa zimeuzwa zaidi ya mashine milioni 150. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki vijana waliifahamu kwenye vibanda vya michezo, ambako walilipa fedha kidogo ili wacheze mpira wa miguu kwenye skrini ya televisheni.

Ndani ya mashine hiyo mlikuwa na vichakataji viwili vinavyotuhusu. Kichakataji ni sehemu inayosoma maagizo ya programu na kuyatekeleza moja baada ya jingine. Kile kikubwa kilifanya mizunguko milioni 294.912 kwa sekunde na kilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 32. Hicho ndicho kilichoshughulika na mchezo wenyewe. Kile kidogo kilifanya mizunguko milioni 36.864 kwa sekunde na kilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 2 tu. Kilikuwa cha aina ile ile iliyokuwa kichakataji kikuu cha PlayStation ya kwanza ya mwaka 1994. Katika mashine mpya kilipewa kazi ya utumishi: kupokea ishara za vitufe, kusoma kadi za kumbukumbu na diski za DVD, na kuihudumia chipu tunayoizungumzia.

Aina nyingi za mashine hii zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2004 zilikuwa na nafasi tupu upande wa nyuma. Katika nafasi hiyo mtumiaji aliweza kufunga kifaa cha mtandao, ambacho nchini Marekani kilianza kuuzwa Agosti 2002, na diski ngumu nyuma ya kifaa hicho. Chipu ya SPEED ilikaa ndani ya kifaa hicho. Basi kila kilichotoka mtandaoni na kila kilichotoka katika diski ngumu kilipita katika chipu hii moja.

Mlango wa kwanza: mtandao

Mtandao uliotumika ni wa aina ya Etheneti, nao uliweza kupitisha biti milioni 100 kwa sekunde. Kwa kuwa baiti moja ni biti 8, hiyo ni sawa na baiti milioni 12.5 kwa sekunde.

Habari za Etheneti hazisafiri kama maji ya bomba, bali hufungwa katika mafurushi yaitwayo fremu. Kila fremu ina anwani ya mpokeaji (baiti 6), anwani ya mtumaji (baiti 6), alama ya aina ya habari (baiti 2), habari zenyewe (baiti 46 hadi 1,500), na mwishoni hesabu ya uhakiki (baiti 4). Kwa hiyo fremu ndogo kabisa ina baiti 64, na kubwa kabisa ina baiti 1,518. Tena, kila fremu hutanguliwa na baiti 8 za kumwamsha mpokeaji, na baada yake huachwa kimya kinacholingana na baiti 12. Jumla ya nyongeza hiyo ni baiti 20.

Hebu sasa tukokotoe muda. Fremu kubwa huchukua nafasi ya baiti 1,538 katika waya, yaani biti 12,304. Tukigawanya kwa biti milioni 100 kwa sekunde, tunapata sehemu 123 za milioni za sekunde. Katika muda huo kichakataji kidogo hufanya mizunguko 4,536 hivi. Fremu ndogo huchukua nafasi ya baiti 84, yaani biti 672. Muda wake ni sehemu 6.72 tu za milioni za sekunde, ambamo kichakataji hupata mizunguko 248 hivi.

Sasa tatizo linaanza kuonekana. Waya haumngoji mtu. Fremu ikifika na pasiwe na mahali pa kuiweka, hupotea.

Bohari ya muda

Kwa sababu hiyo chipu ilipewa bohari, yaani kumbukumbu ndogo ya kuhifadhi fremu kwa muda hadi kichakataji kitakapopata nafasi ya kuzichukua. Sehemu ya kupokelea ilikuwa na baiti 16,384, na sehemu ya kutumia habari ilikuwa na baiti 4,096. Tena palikuwa na daftari la bohari: orodha yenye mistari 64 kwa upande wa kupokea, na mistari 64 kwa upande wa kutuma. Kila fremu iliyoingia iliandikiwa mstari mmoja ulioonyesha imewekwa wapi, ina urefu gani, na kama ilifika salama.

Je, bohari hii hujaa kwa muda gani? Fremu kubwa 10 huenea ndani yake, lakini ya 11 haienei. Fremu 10 huingia kwa muda wa sehemu 1,230 za milioni za sekunde, yaani milisekunde 1.23. Hivyo waya ukileta fremu kubwa mfululizo kwa kasi yake yote, kichakataji hakina budi kuja bohari kabla ya milisekunde 1.23 kwisha.

Mwanafunzi anaweza kudhani kwamba fremu ndogo zina nafuu kwa kuwa hazijazi bohari upesi. La, sivyo. Fremu ndogo 64 zina jumla ya baiti 4,096, ambayo ni robo tu ya bohari. Lakini mistari yote 64 ya daftari imekwisha kujaa. Bohari ina nafasi, ila hakuna mahali pa kuandika mzigo mpya. Na fremu 64 ndogo huingia kwa milisekunde 0.43 tu. Hapa pana funzo la jumla: anayepima uwezo wa chombo kwa ukubwa wa ghala lake peke yake, bila ya kulitazama daftari lake, amepima nusu.

Mlango wa pili: diski ngumu

Upande wa pili chipu iliongea na diski ngumu kwa utaratibu uitwao ATA, ambao ndio uliotumiwa na kompyuta nyingi za mezani za wakati huo. Diski imegawanywa katika vipande vya baiti 512 kila kimoja, na kila kipande kina namba yake. Diski ya gigabaiti 40, kama ile iliyouzwa nchini Marekani mwezi Machi 2004 pamoja na mchezo wa Final Fantasy XI, ina vipande milioni 78 hivi.

Ili kusoma kipande, kichakataji huandika namba ya kipande hicho katika rejista za diski. Rejista ni kisanduku kidogo cha kuwekea namba. Katika utaratibu wa ATA wa zamani, namba ya kipande iligawanywa katika rejista tatu za biti 8 na biti 4 za rejista ya nne. Jumla ni biti 28. Biti 28 zaweza kuandika namba 268,435,456 zilizo tofauti. Tukizidisha kwa baiti 512 tunapata baiti 137,438,953,472. Huo ndio uliokuwa upeo: diski iliyozidi gigabaiti 137 ilikuwa na sehemu ambayo namba zake hazikuweza kuandikwa katika utaratibu huo. Baadaye utaratibu ulipanuliwa kufikia biti 48.

Lakini jambo linalotuhusu zaidi ni kungoja. Tuchukue diski inayozunguka mara 5,400 kwa dakika. Mzunguko mmoja huchukua milisekunde 11.1. Kwa wastani, kipande kinachotafutwa kitakuwa nusu ya mzunguko kutoka kwenye kichwa cha kusomea. Basi diski hungojewa milisekunde 5.56, mbali na muda wa kukisogeza kichwa chenyewe. Katika muda huo kichakataji kidogo hupitisha mizunguko 204,800.

Milango miwili inapokutana

Sasa tuziweke hesabu zetu mbili pamoja, kwani hapa ndipo kiini cha somo kilipo. Diski hungojewa milisekunde 5.56. Bohari ya mtandao yaweza kujaa kwa milisekunde 1.23. Tukigawanya, tunapata 4.5.

Maana yake ni hii. Tuseme mwandishi wa programu ameandika hivi: "Iulize diski kama imemaliza. Kama haijamaliza, iulize tena." Maagizo hayo ni mepesi kuandika, na mashine isiyo na kazi nyingine haitadhurika nayo. Lakini katika mashine hii, wakati kichakataji kinaendelea kuiuliza diski swali lile lile maelfu ya mara, bohari ya upande wa pili ingeweza kujaa mara nne na nusu. Fremu zilizofika baada ya bohari kujaa zingetupwa. Kwa mchezaji, fremu iliyotupwa ni mwenzake aliyeganda ghafla kwenye skrini, au shuti lililopigwa na lisionekane.

Ni kweli kwamba mchezo wa kawaida hauleti fremu mfululizo kwa kasi yote ya waya, na kwamba zipo taratibu za mtandao zinazodai fremu iliyopotea itumwe tena. Lakini kutumwa tena ni kuchelewa, na mchezo unaoonyesha picha 60 kwa sekunde una milisekunde 16.7 tu kwa kila picha. Habari sahihi iliyochelewa mno haina tofauti kubwa na habari iliyopotea.

Dawa ya kwanza: katizo

Dawa ya kwanza huitwa katizo. Badala ya kichakataji kuuliza, chipu ndiyo inayopiga kengele. Kichakataji huiagiza diski kazi, kisha huendelea na shughuli nyingine. Diski ikimaliza, chipu hutuma ishara ya umeme. Kichakataji huweka alama mahali kilipofikia, hushughulikia jambo lililotokea, halafu hurudi pale pale kilipoachia.

Chipu ya SPEED ilikuwa na rejista moja ya sababu za katizo. Biti moja ilisema, "Ni diski", nyingine zilisema, "Ni mtandao: fremu imeingia," au, "Daftari limejaa." Hivyo kengele ilikuwa moja, lakini aliyeitwa aliweza kutazama ubao na kujua ni mlango upi uliobishwa. Palikuwa pia na rejista ya pili ya kuruhusu au kuzuia kila sababu, ili kichakataji kisisumbuliwe na jambo ambalo hakiko tayari kulishughulikia.

Dawa ya pili: mchukuzi

Katizo peke yake halitoshi. Tuseme kichakataji kimeitwa, nacho kinaanza kuhamisha fremu kubwa kutoka bohari hadi katika kumbukumbu yake kwa mkono wake mwenyewe, baiti 4 kila safari. Fremu hiyo, bila ya hesabu ya uhakiki, ina baiti 1,514. Hizo ni safari 379. Tukikadiria kwamba kila safari inahitaji mizunguko 10 ya kusoma, kuandika na kuhesabu, jumla ni mizunguko 3,790. Msomaji atakumbuka kwamba fremu nyingine kubwa yaweza kufika baada ya mizunguko 4,536. Basi zaidi ya asilimia 80 ya nguvu ya kichakataji ingeishia katika kubeba mizigo.

Kwa hiyo palikuwa na saketi ya uchukuzi, ambayo wataalamu huitambua kwa herufi DMA. Kichakataji huiambia saketi hiyo mambo matatu tu: chukua kutoka hapa, peleka pale, kwa kiasi hiki. Saketi hubeba mzigo wenyewe, na ikimaliza hutoa taarifa. Njia hiyo ilitumika kwa diski na kwa mtandao pia. Lakini njia ya kutoka kwenye chipu hadi kwenye kumbukumbu ilikuwa moja, na ilibidi milango yote miwili ishirikiane. Ndiyo maana kasi ya milioni 12.5 iliyoandikwa kwa ajili ya waya haikuwa ahadi kwamba mchezo ungepata kiasi hicho. Mnyororo hauvuti zaidi ya nguvu ya pete yake dhaifu.

Anwani inayojihakiki

Kabla ya kuliacha somo hili tutaje jambo dogo lenye manufaa kwa darasa la hisabati. Kila kifaa cha Etheneti kina anwani yake ya biti 48. Katika kifaa hiki anwani ilihifadhiwa katika kumbukumbu isiyofutika umeme ukizimwa, ikiwa imeandikwa kama namba tatu za biti 16. Namba ya nne ilikuwa jumla ya hizo tatu. Kwa kuwa biti 16 haziwezi kuandika namba inayozidi 65,535, kila jumla ilipofika 65,536 ilianza tena sifuri, kama saa inavyorudi saa moja baada ya saa kumi na mbili.

Kwa mfano, namba tatu zikiwa 40,000, 30,000 na 10,000, jumla ni 80,000. Tukitoa 65,536 tunabaki na 14,464. Programu ilisoma namba zote nne, ikajumlisha tatu za kwanza, ikalinganisha na ya nne. Zikitofautiana, anwani haikutumika. Hata hivyo uhakiki huu si kamili: namba mbili zikibadilishana nafasi, jumla haibadiliki, na kosa halionekani.

Jaribio la darasani

Mwalimu hahitaji umeme ili kulionyesha jambo hili. Achukue kopo linaloenea punje 10 za maharage na wanafunzi watatu. Wa kwanza ni waya: hutia punje moja kila sekunde, wala hasimami kwa sababu yoyote. Wa pili ni kichakataji: huzitoa punje na kuziweka katika bakuli. Wa tatu ni diski: huhesabu kimoyomoyo hadi 45.

Katika awamu ya kwanza, kichakataji aende kwa diski na kumwuliza, "Umemaliza?" bila ya kuondoka hadi ajibiwe ndiyo. Wanafunzi wahesabu punje zilizomwagika sakafuni. Katika awamu ya pili, kichakataji abaki karibu na kopo, na diski apige makofi amalizapo. Uwiano wa sekunde 45 kwa punje 10 umekaribiana sana na ule wa chipu, kwa hiyo punje zitakazomwagika ni kipimo cha haki cha fremu ambazo zingepotea.

Shule yenye kompyuta kuukuu ya mezani isiyotumika tena inaweza kuifungua, ikiwa imekwisha kuchomolewa umeme. Diski ikiwa ya ATA, itaonekana imeunganishwa kwa utepe mpana wa nyaya 40 au 80. Utaratibu wake ni ule ule tulioueleza.

Mwisho

Mwaka 2004 ilitoka PlayStation 2 nyembamba zaidi. Mlango wa mtandao uliwekwa ndani ya mashine yenyewe, lakini nafasi ya diski ngumu iliondolewa. Tarehe 31 Machi 2016 huduma ya Final Fantasy XI kwa mashine hizi ilifungwa. Mtu angeweza kusema kwamba habari ya chipu hii imekwisha hapo.

Haikwisha, na sababu yake inafaa kukumbukwa na kila mwanafunzi. Mwaka 2002 kampuni iliuza kifurushi cha Linux kwa ajili ya PlayStation 2, pamoja na maandishi ya programu zilizoendesha mtandao na diski. Waliojifunza kwa kuyasoma maandishi hayo walijua kila rejista iko wapi na kila biti inasema nini, wakaendelea kuandika programu zao wenyewe. Mashine iliyoachwa na waliyoitengeneza iliendelea kuwatumikia walioielewa. Chombo chochote hufa mara mbili: mara ya kwanza kinapoacha kuuzwa, na mara ya pili anapokosekana mtu wa kukielewa. Kifo cha kwanza hatuwezi kukizuia. Cha pili tunaweza, na silaha yake ni hesabu kama hizi.

Maswali

1. Waya wa zamani wa Etheneti ulipitisha biti milioni 10 kwa sekunde. Bohari ya baiti 16,384 ingejazwa na fremu kubwa kwa muda gani?

2. Diski ikizunguka mara 7,200 kwa dakika, wastani wa kungoja nusu ya mzunguko ni milisekunde ngapi? Je, bohari ya mtandao bado ingeweza kujaa katika muda huo?

3. Bohari ikiongezwa mara mbili bila ya kuongeza mistari ya daftari, ni fremu za ukubwa gani zitakazofaidika, na zipi hazitafaidika? Eleza.

4. Toa mfano mmoja wa namba tatu ambazo zikiharibika kwa namna fulani, namba ya nne ya uhakiki haitagundua kosa, mbali na mfano wa kubadilishana nafasi.